Mwili ni Wangu, Pumzi Je? Somo juu ya Chanjo, Dhamiri na Mafao ya Wengi

 

Somo la leo limetokana na swali ambalo vijana wa VIWAWA na TYCS wameniuliza mara nyingi, kila mmoja kwa maneno yake. Korona ilipotulia nilidhani swali nalo limetulia. Wapi! Ikatangazwa Marburg kule Kagera, likarudi. Mabinti wa shule wakachanjwa chanjo ya HPV ya kukinga saratani ya mlango wa kizazi, likarudi tena. Swali lenyewe ni hili: "Frateri, si Biblia inasema mwili ni hekalu la Roho Mtakatifu? Sasa nani ana haki ya kuniambia niuchome sindano?"

Ni swali zuri. Tulianzie pale pale linapoanzia, 1 Wakorintho 6:19-20. Tatizo ni kwamba wengi wetu tunaishia katikati. Paulo anasema mwili ni hekalu, ndiyo, lakini hapo hapo anaongeza kwamba sisi si mali yetu wenyewe, tumenunuliwa kwa gharama. Ukirudi nyuma kidogo hadi aya ya 12 utaona alikuwa anawajibu Wakorintho waliokuwa wakijitetea kwamba kila kitu ni halali kwao. Mada yao ilikuwa uzinzi, si sindano, lakini hoja ni ile ile. Aya tunayoitumia kusema "mwili ni wangu" iliandikwa kumjibu mtu aliyekuwa anasema "mwili ni wangu".

Hii haina maana kwamba mwili wako ni wa Serikali, au wa daktari, au wa paroko. Usiruke kutoka kosa moja ukaangukia lingine. Maana yake ni kwamba mwili ni dhamana. Katekisimu ya Kanisa Katoliki namba 2288 inafundisha kwamba uhai na afya ni zawadi za Mungu, tunapaswa kuzitunza kwa kiasi kinachofaa, na katika kuzitunza tuangalie pia mahitaji ya wengine na mafao ya wengi. Sehemu hiyo ya mwisho ndiyo tunayoisahau.

Wadogo zetu waliokuwa shule ya msingi wakati wa korona hawakumbuki vizuri, kwa hiyo turudi nyuma kidogo. Mwezi Aprili 2020 tulifanya siku tatu za maombi ya kitaifa. Makanisa hayakufungwa. Kwenye milango ya kanisa kuliwekwa ndoo za maji na sabuni, tukaacha kupeana mikono wakati wa amani, na nyumbani watu wakajifukiza nyungu na kunywa tangawizi na malimao. Katikati ya mwaka tukaambiwa ugonjwa umekwisha. Kufika Januari 2021 matangazo ya misiba yakaongezeka, na tukapata msamiati mpya: fulani amefariki kwa "changamoto ya upumuaji". Kila mtu alijua maana yake na hakuna aliyetaka kuitaja.

Mwishoni mwa Januari hiyo, Baraza la Maaskofu Katoliki Tanzania, chini ya Rais wake Askofu Mkuu Gervas Nyaisonga, lilitoa waraka wa tahadhari. Kwa ufupi maaskofu walisema nchi yetu si kisiwa, ugonjwa upo, tusali na tujikinge. Siku zile zile, tarehe 27 Januari, Rais Magufuli akiwa Chato alieleza mashaka yake juu ya chanjo za kutoka nje na kuitaka Wizara ya Afya isizikimbilie. Mwanzoni mwa Machi, Katibu Mkuu wa TEC, Padre Charles Kitima, akasema kwamba ndani ya miezi miwili hivi Kanisa limezika mapadre zaidi ya 25 na masista zaidi ya 60 waliokuwa na matatizo ya kupumua.

Naomba usisome takwimu hiyo haraka haraka. Padre anayempaka mgonjwa mafuta hawezi kusimama mita moja na nusu. Mafuta hayapakwi kwa kurusha. Masista wanaishi jumuiya moja, wanasali kikanisa kimoja, wanakula meza moja, na wazee wao wanatunzwa humo humo. Kwa watu wa namna hiyo, uamuzi wa mtu mwingine juu ya mwili wake na pumzi yake uliingia mpaka ndani ya nyumba yao bila kubisha hodi.

Rais Magufuli alifariki tarehe 17 Machi 2021. Rais Samia Suluhu Hassan akaunda kamati ya wataalamu, na tarehe 24 Julai ikapokelewa shehena ya kwanza ya chanjo, dozi 1,058,400 za Johnson & Johnson kutoka Marekani kupitia mpango wa COVAX. Siku nne baadaye Rais alichanjwa hadharani jijini Dar es Salaam. Chanjo ikatangazwa kuwa ya hiari, na kila anayechanjwa akatakiwa kujaza fomu ya ridhaa.

Ile fomu ilizua maneno kuliko hata sindano. "Kama ni salama, kwa nini nisaini?" Kwenye makundi ya WhatsApp ilisambazwa kama ushahidi kwamba kuna jambo linafichwa. Lakini fikiria kidogo. Ridhaa ni kinga ya mnyonge. Baada ya Vita Kuu ya Pili, mwaka 1947, majaji wa Nuremberg waliowahukumu madaktari wa Kinazi waliweka kanuni kwamba majaribio juu ya binadamu yanahitaji ridhaa yake ya hiari. Na kule Tuskegee, Marekani, kuanzia 1932 hadi 1972 wanaume weusi wenye kaswende waliachwa bila tiba ili wachunguzwe tu, na hawakuambiwa ukweli. Kwa hiyo Mwafrika anayeuliza maswali kabla ya kukunja shati si mjinga. Aprili 2020 madaktari wawili Wafaransa walizungumza kwenye televisheni kana kwamba Afrika ni mahali pa kufanyia majaribio ya chanjo, na mkuu wa Shirika la Afya Duniani, Tedros, akakemea waziwazi. Hata ndani ya Kanisa, mwaka 2014 maaskofu wa Kenya walihoji chanjo ya pepopunda waliyoishuku kuchanganywa na kizuia mimba. Serikali ya Kenya, WHO na UNICEF walikanusha na kusema ni salama, na majibu ya maabara yakabishaniwa. Kuuliza si dhambi. Ila aliyeuliza anatakiwa asubiri jibu, alisikilize na alipime, na hapo ndipo wengi wetu huondoka.

Sasa Kanisa lilisema nini? Tarehe 21 Desemba 2020, miezi saba kabla dozi za kwanza hazijafika kwetu, ofisi ya Vatikano ya Mafundisho Tanzu ya Kanisa ilitoa Noti fupi juu ya maadili ya chanjo za korona, ikiwa imeidhinishwa na Papa Fransisko. Ni kurasa chache, kijana wa kidato cha tatu anaweza kuimaliza kabla chai haijapoa. Nitaifafanua kwa maneno yangu.

Kwanza, shida ya seli. Chanjo kadhaa zilitengenezwa au kupimwa kwa kutumia seli zilizooteshwa maabara, ambazo asili yake ya mbali ni mimba zilizotolewa miaka mingi iliyopita. Johnson & Johnson ni mojawapo; asili ya seli zake ni mwaka 1985. Ndani ya kichupa hakuna kiungo cha mtoto, kama baadhi ya klipu zilivyodai, lakini asili ile ni ovu na Kanisa haliifichi. Noti inafundisha kwamba pale ambapo hakuna chanjo nyingine isiyo na doa, anayechanjwa hashirikiani rasmi na uovu ule. Uhusiano wake nao ni wa mbali sana, na hatari ya ugonjwa ni kubwa. Kupokea kunaruhusiwa, lakini ruhusa hiyo si baraka kwa utoaji mimba, na makampuni na serikali zinapaswa kuendelea kudaiwa chanjo safi kimaadili. Huko Marekani maaskofu waliwaambia waamini kwamba kama wanaweza kuchagua, wachague aina nyingine badala ya Johnson & Johnson. Sisi wiki zile za mwanzo tulikuwa na aina moja tu. Sinopharm na Pfizer zilikuja baadaye mwaka ule ule. Mkatoliki wa Chamwino au Kongwa mwezi Agosti 2021 alikuwa ndiye yule hasa ambaye Noti ilimfikiria: mtu asiye na cha kuchagua.

Pili, na hapa ndipo moyo wa somo letu ulipo. Noti inasema kwamba kwa kawaida chanjo si wajibu wa kimaadili wa lazima, kwa hiyo iwe ya hiari. Wanaokataa chanjo hushangilia hapo na kufunga ukurasa. Lakini Noti haijafunga. Inaendelea kusema kwamba uzuri au ubaya wa uamuzi wako hautegemei afya yako peke yako, unategemea pia wajibu wa kutafuta mafao ya wengi. Na wale wanaokataa kwa sababu ya dhamiri wanapaswa kufanya kila wawezalo, kwa njia nyingine za kujikinga na kwa mwenendo unaofaa, wasiwe njia ya kupitishia ugonjwa. Hasa wasiwaweke hatarini wale ambao kwa sababu za kitabibu hawawezi kuchanjwa, na walio dhaifu kuliko wote.

Umeona? Anayekataa sindano hajapumzika. Amechukua mzigo mwingine, na mara nyingi ni mzito zaidi, kwa sababu sindano ni ya dakika moja ila kujihadhari ni kila siku. Barakoa kwenye daladala, kutomtembelea bibi ukiwa na mafua, kusimama nje ya kanisa ukikohoa hata kama wewe ndiye mpiga kinanda. Sasa tuseme ukweli kuhusu mwaka ule. Ni wangapi tulisikia wakisema "mimi dhamiri yangu hainiruhusu kuchanjwa", halafu hao hao hawavai barakoa, wanabanana kwenye vigodoro hadi alfajiri, na asubuhi wanaenda kumsalimia babu? Hapo dhamiri haikuwepo. Kulikuwa na kutotaka kusumbuliwa tu, kukavalishwa joho la dhamiri.

Dhamiri kwa Kanisa si hisia ya kifuani. Ni hukumu ya akili juu ya tendo hili hapa, na akili inahitaji kulishwa. Katekisimu inasema lazima tufuate hukumu ya hakika ya dhamiri (1790), lakini namba inayofuata inaonya kwamba mtu asiyejishughulisha kutafuta ukweli anaweza kuwa na hatia kwa kosa la dhamiri yake. Kijana aliyezungumza na daktari, akasoma, akasali, akamwendea padre, mwishoni akasema hapana, huyo namheshimu kabisa. Kijana aliyetazama klipu ya dakika mbili iliyosambazwa mara nyingi, akasema hapana, bado hajafika kwenye dhamiri. Na kwa haki, yule aliyechanjwa kwa sababu tu foleni ilikuwa fupi naye hajafika.

(Kuhusu chapa ya mnyama ya Ufunuo 13: chapa ile inahusu kumwabudu mnyama. Mtu hawezi kumkana Mungu kwa bahati mbaya akiwa zahanati. Tusonge mbele.)

Wenzangu wa falsafa watauliza juu ya uhuru. John Stuart Mill, Mwingereza aliyeutetea uhuru wa mtu binafsi kuliko karibu wote, aliandika mwaka 1859 kwamba jamii isimlazimishe mtu kwa ajili ya faida yake mwenyewe, isipokuwa kuzuia asidhuru wengine. Angalia: hata huyo, ambaye hakuwa mtu wa kanisani, aliacha mlango wazi pale pale ambapo ugonjwa wa kuambukiza unapitia. Kunenepa kwako ni kwako. Pumzi yako kwenye basi la Kondoa ni ya abiria wote.

Lakini Mill anatupatia nusu tu, kwa sababu kwake mwenzangu ni mpaka wa uhuru wangu, kama uzio wa miiba. Paulo anaona tofauti. Katika 1 Wakorintho 8 anakubali kabisa kwamba ana uhuru wa kula nyama iliyotolewa kwa sanamu, kwani sanamu si kitu. Halafu anasema yuko tayari kuacha nyama maisha yake yote ikiwa inamwangusha ndugu. Hakulazimishwa na baraza la mji. Alikuwa huru, na akautumia uhuru wake kumbeba mtu dhaifu kuliko yeye. Kijana wa miaka 22 mwaka 2021 alijua, na alijua sawasawa, kwamba korona kwa kawaida haikuwa inaua watu wa umri wake. "Sisi vijana hatufi" ilikuwa na ukweli ndani yake. Ndiyo maana swali la chanjo kwake lilikuwa swali la upendo kuliko la hofu. Mwezi Agosti 2021 Papa Fransisko aliliita tendo hilo tendo la upendo, na baadhi yetu tukadhani ni maneno matamu tu.

Hapa kwetu uwandani tuna mfano ambao mfugaji yeyote anauelewa. Miaka ya 1890 sotoka ilifyeka ng'ombe wa Afrika Mashariki, Ugogo ikiwemo, na njaa ikafuata. Mwaka 2011 dunia ilitangaza kwamba sotoka imetokomezwa kabisa, ugonjwa wa pili katika historia baada ya ndui, na silaha kuu ilikuwa chanjo. Mfugaji anajua kwamba mifugo ikinywa lambo moja, zizi moja lisilochanjwa ni tatizo la kijiji. Mfano mzuri. Ila una kasoro moja kubwa, na tukiisahau tunapotea: ng'ombe haombwi ridhaa. Wataalamu wana maneno "kinga ya kundi", na kwa mbuzi kundi linatosha. Mtu si wa kundi kwa namna hiyo. Paulo anapotafuta picha ya Kanisa anachagua mwili (1Kor 12), ambapo kila kiungo kina kazi yake na jina lake, na kimoja kikiumia vyote vinaumia. Hata maneno "mafao ya wengi" tuyaangalie vizuri. Hayana maana kwamba wengi wakishinda kura basi mmoja atupwe. Maana yake ni mazingira yanayowezesha wote na kila mmoja kufikia utimilifu wake.

Kwa sababu hiyo siungi mkono shuruti ya harakaharaka. Majirani zetu Kenya, Novemba 2021, walitangaza kwamba kuanzia tarehe 21 Desemba asiyechanjwa atanyimwa huduma za serikali. Mahakama Kuu ikasimamisha agizo hilo kabla halijaanza. Nadhani mahakama ilifanya vyema. Ukimfungia mama wa kijijini mlango wa ofisi kwa sababu ya sindano ambayo pengine haijafika kwenye zahanati yake, umeuacha mshikamano na umemgeuza maskini kuwa adui wa afya. Dola ina haki ya kudai zaidi hatari inapokuwa kubwa na njia nyingine hazipo, lakini izijaribu kwanza hizo nyingine: kueleza, kusikiliza, kuwatumia watu wanaoaminika karibu na wananchi. Hiyo ndiyo kanuni ya auni. Na kwetu ndivyo ilivyokuja kuwa. Mwanzoni mwitikio ulikuwa mdogo, mabishano yakafika hadi bungeni hapa Dodoma, ambako mwishoni mwa Agosti mbunge wa Kawe, Askofu Josephat Gwajima, alisimamishwa mikutano miwili baada ya kufikishwa Kamati ya Maadili kwa matamshi yake, yakiwemo ya kupinga chanjo. Binafsi sidhani adhabu ile ilimbadilisha mtu hata mmoja msimamo. Kilichobadilisha watu ni wahudumu wa afya waliotoka hospitalini wakaenda sokoni, vijijini na makanisani, wakakaa na watu na kujibu maswali.

Jambo la mwisho ni uaminifu juu ya ukweli wenyewe. Baadhi ya tulioitetea chanjo tuliitetea kupita ilivyo. Mwaka ule haujaisha ilishajulikana kwamba aliyechanjwa anaweza bado kuambukizwa na kuambukiza. Kilichopungua sana ni ugonjwa mkali na vifo. Pia Johnson & Johnson ilihusishwa na tatizo la damu kuganda, la nadra sana lakini la kweli. Je, hili linabomoa hoja ya wajibu kwa wengine? Linaipunguza uzito, haliibomoi. Kitanda cha oksijeni ambacho hukukilalia alikilalia mwingine, na katika hospitali zetu za uwanda huu, kuanzia za jijini hadi Mtakatifu Gaspar Itigi, vitanda hivyo havijawahi kuwa vya kuchezea. Lakini mwanamaadili mkweli hupima wajibu kwa kadiri ya ukweli uliopo. Chanjo ya surua, inayozuia maambukizi kwa nguvu sana na ambayo wengi wetu tulipewa tukiwa wachanga, inamdai mzazi zaidi ya ile ya korona ilivyomdai kijana mwenye afya. Usiziweke chanjo zote kapu moja, si kwa kuzikubali wala kwa kuzikataa.

Kwa mazungumzo ya Jumapili baada ya Misa, someni Warumi 14 yote, kisha mjadili kisa hiki. Binti wa jumuiya yenu anauguza bibi yake mwenye kisukari. Umetangazwa ugonjwa mpya wa kuambukiza, chanjo ipo, ni ya hiari, na yeye ana mashaka ya kweli juu yake. Hajui amwulize nani. Kabla hamjamwambia achanjwe au asichanjwe, jumuiya inamdai nini, na yeye anaidai jumuiya nini? Nani atakwenda naye kwa daktari? Na akikataa baada ya kuuliza na kusali, nani kati yenu atampelekea bibi maji na uji siku ambazo binti ana mafua?